Mada: Kuhusu neema ya Mungu, Mkatoliki na Mlutheri wanapishana wapi?

Korosho_Masasi: Wakuu, mchumba mmoja Mkatoliki wa Ndanda, mwingine Mlutheri wa Mtwara mjini. Wote wanasema tunaokolewa kwa neema. Ubishi wa nini?

Mnazi_Lindi: Ni jinsi neema inavyofanya kazi. Mlutheri: Mungu anakuhesabia haki ya Kristo, kwa imani peke yake. Mkatoliki, kwa Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu, tamko la 1547): neema inamiminwa ndani na kukugeuza, dhambi ya mauti huiondoa, kitubio (kuungama kwa padri) huirudisha. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki kule Augsburg, Ujerumani, Wamethodisti wakaliunga 2006. Parokiani halisomwi, basi!

Newala_Juu: Kwa Waorthodoksi neema ni nguvu ya Mungu mwenyewe, isiyoumbwa.

Mnazi_Lindi: Naam. Ila msidai Mkatoliki "ananunua" wokovu. Trento inakana: hakuna tendo linalostahilisha kuhesabiwa haki.