Mbona taji la Malkia Victoria bado lipo kwenye sanduku la posta Dublin?

kijana_wa_zamu
Wakuu, salaam. Niko Dublin, Ireland, mwaka wa pili sasa, nafanya kazi za usiku. Kituoni ninaposhukia basi kuna sanduku la posta la chuma, lile la mviringo linalosimama kama nguzo, limepakwa kijani. Juzi mvua inanyesha, nikaliegemea, mkono ukapapasa kitu. Kumbe chini ya ile rangi kuna herufi V na R zimepambwa kwa mikunjo, na juu yake taji! Mwenzangu kazini, mwenyeji wa hapa, akaniambia ni Victoria Regina, yaani Malkia Victoria wa Uingereza. Sasa mimi ninavyojua, hawa Waayalandi walipigana na Mwingereza mpaka wakamtoa. Na Victoria huyo ndiye aliyekuwa kwenye kiti wakati wa ile njaa kubwa. Imekuwaje taji lake likaachwa barabarani miaka mia na ushee?

dada_wa_cork
Kaka, ilikuwa suala la hela. Dola Huru ya Ireland ilipoanza 1922 ilirithi masanduku nchi nzima, yote mekundu, na mwaka huohuo wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe juu ya mkataba waliotia saini na Mwingereza Desemba 1921. Hizo herufi hazikubandikwa, zimesubiwa pamoja na chuma chenyewe. Ukitaka kuzitoa ununue sanduku jipya. Rangi ndiyo ilikuwa rahisi.

Sanamu ya Victoria yenyewe ilibaki mbele ya Leinster House, bungeni kwao, hadi 1948. Siku hizi iko Sydney, Australia, eti wamewapa. Nelson, yule jemadari wa majini wa Uingereza, wa O'Connell Street hapo Dublin hakubahatika hivyo, nguzo yake ililipuliwa Machi 1966. Na huku kwetu Cobh iliitwa Queenstown tangu malkia alipotua 1849 mpaka 1920.

mpita_njia
Panda basi uende Newry, Ireland ya Kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza, huko masanduku bado ni mekundu 😂 Ukitoka Dundalk, upande huu wa mpaka, hukuti kizuizi wala askari. Unashtukia tu vibao vya barabarani vimegeuka maili.

mzee_kijiti
Vijana, rangi mmeimaliza. Mimi naomba tuongelee lugha.

Njaa ilianza 1845, viazi vikaoza shambani. Watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya hao wakakimbia, huku meli za nafaka, siagi na ng'ombe zikiendelea kutoka bandarini kwenda Uingereza. 1847 ikaja sheria: mwenye zaidi ya robo eka hapati msaada mpaka aiachie ardhi. Kabla ya hapo, sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8 na kidogo kisiwani. Hadi leo, kusini na kaskazini ukijumlisha, hawajafika hapo.

Waliokufa na kuhama zaidi ni wa magharibi, ndio waliokuwa wakisema Kiayalandi. Na kabla hata ya njaa kulikuwa na kijiti. Mtoto anavishwa kijiti shingoni kwa uzi. Akiteleza akasema neno la kwao, kinachanjwa pengo. Jioni mwalimu anahesabu mapengo, kila pengo na fimbo yake. Kinachoniuma ni kwamba wazazi wengi walikubali, maana ukifika Boston, Marekani, bila Kiingereza utakula nini?

Katiba ya 1937 imeandika Kiayalandi ndiyo lugha rasmi ya kwanza. Kijana, basi unalopanda limeandikwa An Lár, yaani katikati ya mji. Hebu sikiliza abiria wanaongea nini humo ndani.

kijana_wa_zamu
Shikamoo mzee. Kiingereza kitupu, na Kipolandi kidogo.

Asanteni wote. Leo nimepita mtaa wa nyuma makusudi, nimekuta sanduku jingine, hili lina SE na taji halina. Huyu naye mfalme gani?

dada_wa_cork
Saorstát Éireann, kaka. Ndiyo hiyo Dola Huru yenyewe. Hilo walinunua jipya.