Mrejesho: yule paka wangu mwenye mba, Mtwara

Wakuu, niliuliza kuhusu paka wangu aliyejaa mba mgongoni karibu na mkia, ngozi kavu kabisa. Asanteni, hali ni nzuri.

Mliosema nimpeleke kwa daktari wa mifugo mlilenga. Alimchana juu ya karatasi nyeusi, akachungulia kwa lenzi kama vile vyeupe vinatembea, maana kuna utitiri wanaofanana kabisa na mba. Havikutembea. Tatizo ni unene: bwana mkubwa hafiki kiunoni kujilamba, basi mafuta ya ngozi hayasambai na magamba yanabaki palepale.

Sasa namchana kila jioni kwa brashi laini. Chakula napunguza kidogo kidogo, kwani paka mnene akishinda njaa ghafla ini linaweza kuharibika. Dagaa wabichi wa soko la samaki la Feri nachemsha bila chumvi, anapata wachache. Wale wakavu wa chumvi simpi tena, hata alie vipi.

Shampuu ya binadamu sikuitumia. Na aliyependekeza dawa ya viroboto ya mbwa, tafadhali: yenye permethrini (kiua wadudu) ni sumu kwa paka.

Mba imebaki kidogo juu ya mkia. Kitambi ndiyo kwanza kinaanza kupungua.