Akili mnemba inafuta chale za bibi zetu kwenye picha za zamani. Mnafanyaje?

Mpigapicha wa Chikongola (Mtwara)

Habari za jioni wakuu.

Nina studio ndogo hapa Mtwara mjini, jirani na soko la Chikongola. Kazi za kila siku ni paspoti saizi, kopi, mahafali na harusi za mwisho wa wiki. Ila kazi ninayoipenda kuliko zote ni kufufua picha za zamani. Watu wanazileta kutoka Newala, Tandahimba, Nanyamba. Zimekaa miaka kwenye masanduku ya bati, kona zimeliwa na mchwa, unyevu umezitia madoa ya kahawia, nyingine zilikunjwa ziingie kwenye pochi. Mara nyingi ni picha pekee ya huyo mtu. Hakuwahi kupigwa nyingine mpaka anafariki.

Miaka ya nyuma uso mmoja ulikuwa unanichukua kutwa nzima, brashi kidogo kidogo. Siku hizi zipo hizi programu za akili mnemba: unapakia picha, unabonyeza, baada ya muda mfupi uso unatoka safi, kope zinahesabika. Nazitumia na zinanisaidia sana. Madoa ya ukutani, alama za mkunjo, chenga (vile vinukta kama mchanga), vyote vinaondoka vizuri.

Shida ni hii. Kijana mmoja kaleta picha ya bibi yake mzaa mama, anataka ikuzwe iwekwe kwenye fremu kubwa kwa ajili ya hitma ya familia. Bibi ni Mmakonde wa zamani hasa: ndonya (kile kipande cha mti kinachovaliwa kwenye tundu) kwenye mdomo wa juu, chale kutoka kipajini hadi mashavuni, ile mistari ya pembepembe iliyopangwa kwa utaratibu wake. Nilipoipitisha kwenye programu, chale za shavu la kushoto zikafutika zote. Za kulia zikageuzwa mikunjo ya uzee. Ndonya ikapotea na mahali pake ukachorwa mdomo mwingine kabisa. Na macho, wakuu, macho yalitoka mazuri mno, yana mwanga, ila si ya yule mama aliyeko kwenye karatasi.

Kijana akafurahi: "Kaka, hapo umeua!" Lakini alikuwa amefuatana na mama yake mkubwa. Yule mama akavaa miwani, akaangalia kioo cha kompyuta, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Nikamjibu ni mama yako. Akakataa. Akachukua karatasi kuukuu, akaweka kidole shavuni kwa marehemu na kunionyesha mstari mmoja mmoja unaanzia wapi na unaishia wapi. Kijana yeye anasema chale zinamzeesha bibi, na ndonya watu wa Dar wataishangaa.

Kinachoniumiza ni kwamba programu haitofautishi mkwaruzo wa karatasi na chale ya ngozi. Kwake vyote ni uchafu. Sasa huku kwetu kusini nyuso za wazee wengi kwenye picha hizi za zamani ziko hivyo. Tukiendelea kubonyeza tu, baada ya muda ukutani kwetu hakutakuwa na bibi hata mmoja mwenye chale, wakati masanduku yamejaa picha zao.

Naomba ushauri wa kifundi: mnaizuiaje isiguse uso, lakini mnafaidika na uwezo wake kwingine? Na pili, mteja akiitaka ile "nzuri" na mtoto wa marehemu akaikataa, mnamsikiliza nani? Picha bado iko mezani, sijaichapa.

---

Fundi Picha wa Lindi

Mkuu, pole na kazi. Umefanya vizuri kutoichapa.

Kwanza tuelewane hizo programu zinafanya nini, maana wengi wanadhani zinasafisha. Hazisafishi, zinachora. Picha yako ina uso wenye ukubwa wa ukucha, taarifa za kope hazimo. Programu inakisia kutokana na nyuso ilizofundishwa. Mkusanyiko wa nyuso uliotumika sana kwenye utafiti wa kazi hizi unaitwa FFHQ, una picha 70,000 zilizochukuliwa kwenye mtandao wa Flickr, ambako watu walikuwa wanaweka picha zao za kidijitali. Fikiria mwenyewe kama bibi wa Kimakonde wa miaka ya hamsini angeingiaje humo. Mashine inavuta kila uso uelekee kwenye nyuso inazozijua. Mwaka 2020 kulikuwa na programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, PULSE, watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ikarudisha uso wa mzungu. Ni kosa lile lile lililompata bibi.

Sasa kazi. Kabla hujawasha kompyuta, shika ile karatasi mkononi, zima taa, washa tochi ya simu ubavuni, mwanga upite juu ya karatasi kwa kuteleza. Mkwaruzo wa karatasi utauona una kingo, unang'aa tofauti au unaonyesha weupe wa chini. Chale imo ndani ya picha, uso wa karatasi mahali pale ni laini. Ukiwa na lensi ya kukuzia, hutakosea. Hiyo hatua hakuna mashine itakufanyia, maana mashine inapewa picha, haipewi karatasi.

Halafu skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600 au hata 1200 kama picha ni ndogo, hifadhi faili la TIFF, lile lisilopunguza ubora, usiliguse tena. Kwenye kopi yake fungua leya (tabaka) mpya juu, chukua brashi nyekundu, chora ramani ya chale zote. Muite yule mama mkubwa akae pembeni yako wakati unachora, anazijua kuliko wewe. Ukishapata ramani, unajua kila alama nyingine usoni ni ya kuondoa.

Akili mnemba ipe ukuta wa nyuma, kiti, nguo na zile kona zilizoliwa. Usoni weka maski, yaani kizuizi, isifike. Uso ufanye kwa mkono: brashi ya kutibu mikwaruzo, ambayo imo kwenye Photoshop tangu 2002, pamoja na kopi ya sehemu kwa sehemu. Chenga za usoni punguza kidogo tu. Ukizimaliza, na ngozi inaondoka nazo. Uso ukibaki na ukungu kidogo, uache. Huo ukungu ndio kiasi cha kile kamera ilichokiona siku ile.

Kuhusu mteja: mimi nisingempa ile ya kwanza hata kwa malipo mara mbili.

---

Dada wa Kamera, Shangani

Kaka zangu nawaheshimu, ila tusiigeuze akili mnemba kuwa adui. Mimi napiga harusi. Ukumbi una taa za rangi, umeme unayumba, bibi harusi kavaa nyeupe na bwana harusi ni mweusi tii kama mimi. Zamani nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) picha zinajaa chenga, sura za watu weusi zinageuka majivu. Tangu Lightroom, programu ya kuhariri picha, iwekewe kifaa cha kuondoa chenga kwa akili mnemba, Aprili 2023, nafanya kazi ambazo nilikuwa nazikataa. Na kinafanyika ndani ya kompyuta yangu, sitegemei bando.

Tena msisahau kwamba kabla ya akili mnemba hali haikuwa ya haki. Kodak walikuwa na kadi za kupimia rangi kwenye maabara za picha, zikiitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa kizungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, sisi tulitoka tunavyotoka. Google waliposema mwaka 2021 kwamba kamera ya simu yao ya Pixel 6 imefundishwa kwa ngozi za aina nyingi, mimi nilifurahi kweli. Kwa hiyo mashine ikifundishwa vizuri inaweza kutuona vizuri. Tatizo ni nani kaifundisha na kwa picha za nani.

Ninachopigana nacho ni hizi programu za simu zinazong'arisha. Mabibi harusi wananiambia "dada nitoe weusi". Nawakatalia kwa upole, nawaonyesha picha yenye mwanga mzuri, wengi wanaridhika.

Ila kwa mteja wako natofautiana kidogo na fundi wa Lindi. Picha ni ya familia. Kazi yako ni kuhakikisha anayeamua ni anayemjua marehemu, na hapo ni binti yake, si mjukuu. Waweke wazungumze wenyewe, usiwe hakimu wa nyumba ya watu.

Jambo jingine: programu nyingi za bure zinapeleka picha kwenye seva za nje ya nchi. Kwa wateja wako walio hai, kumbuka tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Muombe mtu ruhusa kabla sura yake haijasafiri.

---

Mwalimu Mstaafu, Newala

Wanangu, nimesoma yote nimefurahi. Mama yangu alikuwa na chale na ndonya, kwa hiyo hili nalisemea kwa uchungu.

Zile chale zilichanjwa kwa kisu na kusuguliwa mkaa, na msichana alikaa nazo kwa maumivu mpaka zipone. Alizivumilia kwa sababu alitaka zionekane. Kwa mama yangu ulikuwa ni uzuri wake. Leo hakuna anayechanjwa, waliobaki nazo ni wachache na ni wazee sana. Vinyago vyetu vimebeba alama hizo, lakini kinyago si mtu fulani mwenye jina. Picha ndiyo inayosema huyu ni fulani binti fulani. Ukimfuta chale, umemvua alichokichagua yeye, tena hayupo wa kukataa.

Nina mambo mawili zaidi. Msiwatie rangi ovyo. Nimeona picha ya shangazi yangu imetiwa rangi, nguo imekuwa nyekundu. Ile ilikuwa kaniki, nyeusi, kila mtu wa umri wangu anaijua. Picha ya nyeusi na nyeupe haikuhifadhi rangi, mashine inabuni. Na la pili, mwenye picha akija, muulizeni majina na kijiji, yaandikeni kwa penseli nyuma ya karatasi, taratibu. Vijana wanaleta picha hawajui hata jina la bibi.

---

Mwandishi wa Kilwa Masoko

Shikamoo Mwalimu.

Kwa upande wetu wa habari mjadala huu ni mfupi. Barabara ilipokatika Somanga wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, thamani ya picha ilikuwa kwamba maji yale yalikuwepo na lami ile iliondoka. Ukiongeza hata wingu moja, picha haina kazi tena. Mashirika makubwa yanashika hivyo hivyo: Machi 2024, shirika la habari la AP na wenzao waliondoa picha ya Binti Mfalme wa Wales na watoto wake baada ya kuona imechezewa kwenye mkono wa mtoto. Na mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda tuzo ya Sony kwa picha iliyotengenezwa na akili mnemba, kisha akaikataa mwenyewe ili watu waanze kuulizana maswali.

Sasa hivi zipo kamera zinazotia alama ndani ya faili kuonyesha picha imetoka wapi na imeguswaje, Leica walianza mwaka 2023. Kwa karatasi zenu andikeni tu nyuma: "imefufuliwa, ukuta na kona vimechorwa upya". Inatosha.

---

Mpigapicha wa Chikongola (Mtwara)

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote.

Nimefuata ushauri wa tochi na nimeshangaa. Kulikuwa na mstari chini ya jicho la kulia ambao mimi mwenyewe nilikuwa nauhesabu ni chale, kumbe karatasi imepasuka. Mama mkubwa kaja, tumechora ramani pamoja, na kila mstari anautaja ulivyokuwa. Kijana alikuwa amekaa nyuma yetu anasikiliza. Mwisho yeye ndiye aliyeanza kuuliza maswali, bibi alizaliwa wapi, alichanjwa na nani. Imechapwa yenye chale na ndonya, ukuta wa nyuma umefanywa na mashine, na nyuma nimeandika hivyo pamoja na jina la marehemu na kijiji chake.

Kuanzia sasa kwenye studio yangu picha ya marehemu naipokea kwa sharti moja: aje na mtu aliyemjua, au nipate namba ya simu ya mtu huyo. Bei haiongezeki kwa kazi ya mkono usoni. Nitafidia kwa muda ninaookoa kwenye kuta na nguo.

Fundi wa Lindi, swali moja bado: nina picha nyingine imejikunja kama gome la mdalasini, nikiilaza kwenye skana inataka kupasuka. Niipige kwa kamera?

---

Fundi Picha wa Lindi

Kamera, mkuu. Usiikandamize kwenye kioo hata kidogo, tabaka la picha litavunjika na vipande havirudi. Ilaze kwanza kwenye chombo chenye unyevu mdogo, isiguse maji, uifunike na kuichungulia mara kwa mara mpaka ilegee yenyewe. Ikishalegea, weka taa mbili pande zote kwa nyuzi 45, kamera kwenye stendi juu yake, lensi itazame chini moja kwa moja. Piga vipande vipande, uviunge baadaye. Kiunganishi cha Photoshop kinaweza hiyo kazi, ila kikague kila mshono, hasa ukipita usoni.