Barua za mjomba kutoka vita ya Kagera tumezipata, za bibi kwenda kwake hakuna hata moja

binti_kibosho
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Juzi tulikuwa tunahamisha vitu vya bibi huku Kibosho maana nyumba ya zamani inavuja, chini ya kitanda tukakuta kopo la biskuti lina barua 23 za mjomba wangu mkubwa za wakati wa vita ya nduli Amini. Ya kwanza ni Desemba 1978, ya mwisho 1981, si unajua kuna vijana walibaki kule Uganda hata baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alirudi mzima, alikuja kufariki miaka mingi baadaye kwa maradhi.

Humo ndani vita hakuna kabisa. Ni "ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu ni kwako tu", halafu yule ng'ombe ameshazaa? kahawa imeivaje mwaka huu? mama usimuuze ng'ombe. Yaani unasikia mtu mmoja tu anaongea, za bibi sijui zilienda wapi. Na bibi alikuwa anamjibu kwa mkono wake mwenyewe, kuandika alijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima miaka hiyohiyo ya 70, kuna sehemu mjomba anamwambia mama mwandiko wako sasa umenyooka. Nimelia.

Sasa mjomba mdogo anataka kuzipiga lamineshen azitundike sebuleni, ni sawa? Na bibi haoni tena, nimsomee au nitamtonesha?

mama_ngarenaro
Pole mwanangu na hongera, umepata mali. Msomee. Mimi 1979 nilikuwa darasa la sita hapa Arusha, akina mama wa mtaani wasiojua kuandika walikuwa wanakuja jioni niwaandikie, na wote, wote kabisa, walikuwa wanasema andika huku hatuna shida. Sukari foleni, sabuni hakuna, mtoto ana surua, lakini andika hatuna shida. Mmoja mumewe alikuwa mgambo, ameondoka mtoto bado yuko tumboni, akanipa daftari nilishike akauweka mguu wa kichanga juu ya karatasi nikauzungushia penseli, mtoto anarusha mguu mstari ukapinda, akasema iache hivyohivyo baba yake ajue ana nguvu. Mpaka leo nikiona penseli nakumbuka ule mguu.

Karatasi_Kuukuu
Lamineshen HAPANA dada, nakuomba sana. Ule moto na gundi haviondoki tena na karatasi inaharibikia humohumo ndani. Piga picha kila ukurasa mbele na nyuma, printi nakala, hizo ndio mtundike. Za asili zitoe kwenye kopo maana linashika kutu, toa na pini, usiguse selotepu, ziweke kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu pasipo na jua. Bahasha zake msitupe, muhuri wa posta ndio unakupa tarehe pale yeye alipoisahau.

mzee_wa_sakina
Binti, nilikuwepo kule. Unauliza za bibi yako zilienda wapi, mimi nakwambia zilisomwa zikaisha. Barua unaiweka mfuko wa shati, unatembea nayo, jasho, halafu masika ya mwaka ule ikatukuta njiani, ukija kuifungua imekuwa uji. Na haikuwa yako peke yako. Kuna wenzetu hawakuwa wanaandikiwa na mtu, basi ikija ya mama wa mwenzako mnakaa chini anawasomea wote, ukisikia migomba imezaa unajiona uko kwenu. Mama wa namna hiyo alikuwa mama wetu wote. Waliolala pale Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu wa vita ile, wapo waliosikia barua za namna hiyo, mfikishie bibi shikamoo yangu.

binti_kibosho
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Lamineshen imeshindwa, mjomba amekubali. Jana usiku nimemsomea mbili, na shikamoo yako nimemfikishia, akaitikia marahaba akauliza wewe ni mtoto wa nani. Ile ya ng'ombe nilipofika pa usimuuze akanishika mkono akasema ngoja. Kumbe alikuwa ameshamuuza mwezi mzima kabla barua haijafika, na alimjibu kwamba amezaa dume.

Anataka nyingine leo.