Naomba ushauri: kujifunza kuruka na parachuti kwa hela ya mwanafunzi

Habari zenu wakuu. Niko chuo, na tangu niruke mara moja nikiwa nimefungwa kifuani kwa mwalimu, sitamani kingine. Nataka leseni yangu. Shida ni mfuko.

Njia ninazoziona ni mbili. Moja unatoka kwenye futi 13,000 hivi, walimu wawili wamekushika ubavuni. Unaiva haraka ila kila mruko unauma mfuko. Nyingine unatoka chini, futi 3,500 hivi, kamba iliyofungwa kwenye ndege inakufungulia parachuti. Hiyo ni nafuu, lakini miruko ya kufika mbali ni mingi.

Nimeanza vibarua vya wikendi, navyo vinanipa mruko mmoja kwa mwezi. Hapo ndipo ninapokwama: kwa utaratibu wa Marekani, leseni ya A, yaani ile ya kwanza, inataka miruko 25, na mwanafunzi akipitisha siku 30 bila kuruka anarudi chini ya uangalizi wa mwalimu. Si nitakuwa nalipia marudio tu?

Je, nikusanye hela kwanza niruke mfululizo, au nianze hivi hivi? Na kuna aliyepunguziwa gharama kwa kukunjia wenzake parachuti?