Naomba ushauri: kamera za ulinzi nyumbani, za waya au za sola?

Habari zenu wakuu. Nimejenga Kigamboni, bado majirani ni wachache. Wiki mbili zilizopita wezi waliruka ukuta usiku wakang'oa pampu ya kisima. Mama yangu analala pale na wajukuu wawili, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Mimi kazi yangu iko Dodoma, kwa hiyo nataka niwe naona nyumba kupitia simu.

Fundi wa kwanza amependekeza kamera 4 za waya za megapikseli 2, pamoja na DVR (kisanduku kinachorekodi video za kamera) yenye diski ya terabaiti 1. Kwa hesabu yangu, kila kamera ikitumia megabiti 2 kwa sekunde, diski inajaa baada ya siku 11 hivi, kisha inafuta video za zamani. Hilo linanitosha. Hofu yangu ni umeme: ukikatika usiku, na ndipo wezi wanapopenda kuja, kila kitu kinazima. UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) itahimili saa ngapi kweli?

Fundi wa pili anasema nichukue za sola zenye laini ya 4G. Hazihitaji waya, ila nasikia nyingi hulala mpaka zihisi mtu, na bando nalo linaliwa.

Waliofunga karibu na bahari, chumvi haijala viungio? Na DVR mnaificha wapi? Mwizi akiibeba, ushahidi wote umekwenda.

Natanguliza shukrani.