Vipindi vya alfajiri sekondari za Mwanza: vifutwe au vibaki?

Mleta mada, Buhongwa:
Ndugu zangu, kuna sekondari za kutwa hapa jijini zinazotaka watoto wawe darasani saa 12 kamili asubuhi kwa masomo ya ziada. Anayetoka huku Buhongwa kwenda mjini anaamka saa 10. Jua la Mwanza huchomoza karibu saa 12:45, kwa wastani dakika 25 hivi nyuma ya Dar, maana sisi tuko magharibi zaidi na saa tunatumia moja.

Huo si uvivu. Mtoto akibalehe, melatonini, homoni ya usingizi, huanza kutoka usiku kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo. Mlaze saa 2, atajigeuzageuza tu. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Huyu anapata 5. Na sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa na hasira, inaendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu. Kukosa usingizi umri huo kunachochea sonona na wasiwasi. Vifutwe!

Mwalimu wa hesabu, Ilemela:
Kuhusu ubongo sibishi. Lakini wazazi hao hao wakisikia shule jirani imetoa divisheni wani nyingi, wanatujia juu. Halafu kuna konda. Saa 1 asubuhi anasimama mlangoni, mkono kaziba njia: "Mwanafunzi mmoja tu!" Nauli yao ni ndogo, wanaachwa. Wengi wanawahi ili wapate gari.

Mzee wa Igogo:
Sisi tuliamka saa 10, tukachota maji ziwani, tukaenda shule kwa miguu. Nani aliugua akili?

Mleta mada:
Shikamoo mzee wangu. Enzi zenu kibatari kilizimwa mapema mkalala. Huyu wa leo anarudi tuisheni saa 1 usiku, kisha kazi za shule hadi saa 5. Na wagonjwa walikuwepo, ila waliitwa watukutu, wengine wakaambiwa wamerogwa.

Mwalimu, kule Seattle, Marekani, mwaka 2016 sekondari zilisogeza kengele kutoka saa 1:50 hadi 2:45. Watafiti walipopima, usingizi wa wanafunzi ulikuwa umeongezeka kama dakika 34. Hawakuutumia muda huo kukesha. Hoja yako ya konda ndiyo nzito kuliko zote, lakini dawa yake ni LATRA, mamlaka inayosimamia daladala na mabasi, pamoja na trafiki kusimama vituoni asubuhi. Vipindi vihamie saa 9 alasiri. Je, shuleni kwako watoto wanapata chakula cha mchana?